Mapichi ya Mkwe

Baba mdogo alipiga simu Jumatatu. Alisema Jumamosi atakuja kwenye tambiko la kaka yake, na chakula kikishaliwa atatoa neno lake kuhusu shamba. Neno gani, hakusema. Mwenye shamba hana haraka. Mwenye haraka ni anayelima.

Nyumba nzima ilijua maana ya simu ile. Lile shamba la vitunguu kando ya barabara iendayo Muan, kusini mwa Korea, lenye udongo mwekundu unaong'ang'ania viatu, hati yake ilikuwa na jina la baba mdogo Pan-seok, ingawa tangu azaliwe hajawahi kulipiga jembe. Aliyelilima ni shemeji yake Ok-bun, mjane wa kaka yake huyo, tangu siku alipoolewa. Kisha mwanawe Sang-gil. Kisha mke wa Sang-gil, Diem, aliyetoka Vietnam. Sasa kampuni moja ya umeme wa jua ilikuwa imemfuata baba mdogo huko Gwangju anakoishi, ikamwambia kwamba vioo havitaki mbolea wala havilii ukame. Akikubali, vitunguu vya mwaka huu ndivyo vya mwisho. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kishamba kingine, lakini hicho kilitosha pilipili na kabichi za kimchi, basi. Hakiwezi kulisha watu wanne na kumsomesha mtoto.

"Jumamosi," Ok-bun akamwambia mkaza mwana wake, "hata mbwa asibweke vibaya."

Hapo ndipo palipokuwa na kazi, maana mle ndani kulikuwa na mtu mmoja wa ziada. Mama yake Diem, Bi Ut, alikuwa amefika mwezi wa nne. Ut maana yake ni kitinda mimba, na kule kwao kusini mtu hulibeba jina hilo mpaka nywele zinakuwa nyeupe. Wilaya ilikuwa imeruhusu jamaa za wake wa kigeni waje kuvuna kwa miezi mitano, kwa sababu vijana wetu wamehamia mijini wote na vitunguu havijing'oi vyenyewe. Kwa hiyo karatasi zilimwita kibarua wa msimu kwenye shamba la jirani, Choe, na Diem alimwita mama. Ok-bun hakumwita kitu. Akitaka kumsemesha alimtuma mjukuu, Bo-ra, msichana wa miaka tisa aliyeokota Kivietnam kwenye simu za video za mama yake.

Si kwamba Ok-bun alikuwa na roho mbaya. Ila sisi huku tuna msemo kwamba nyumba ya mkwe na choo, kadiri vinavyokuwa mbali ndivyo unavyoishi kwa raha. Mkwe ni mtu wa kuvaliwa nguo safi, kuandaliwa chakula kizuri, kisha kurudishwa kwao kabla hajaona ulivyo. Huyu amekuja kulala. Anaamka nawe, anaziona nguo zako za ndani kwenye kamba. Wanawake wenzake kijijini walimtania Ok-bun pale ukumbini wanakochezea karata: "Ok-bun, wenzako choo wamekijenga nje, wewe umekileta sebuleni." Alicheka nao, lakini alirudi nyumbani amenuna.

*

Jioni walikula chumba kimoja, meza mbili. Ya kwanza ya familia. Ya pili, ndogo, karibu na mlango, ya Bi Ut. Ok-bun alieleza kwamba hiyo ni heshima, mgeni hupewa meza yake. Ilikuwa kweli, zamani, kwa mgeni wa siku moja. Miezi miwili mtu akiendelea kula karibu na viatu, heshima hiyo inabadilika jina. Diem aliiona meza ile kila jioni na kila jioni akaiandaa, kwa kuwa paa lile halikuwa lake.

Jumatano Bi Ut alifungua kichupa chake cha mchuzi wa samaki. Ok-bun akanyanyuka akafungua dirisha, na dirisha lilipokuwa limefunguliwa harufu ya mitungi yake mwenyewe ya soya iliyochacha uani ikaingia kwa nguvu, ikaufunika ule mchuzi kabisa. Sang-gil akainamia bakuli lake asije akacheka.

"Muulize," Ok-bun akamwambia Bo-ra, "kwao wana sufuria la umeme la kupikia wali?"

Bo-ra akauliza. Bi Ut akajibu kwa furaha, maana ni nadra kuulizwa kitu.

"Anasema lipo, bibi. Anasema hata la kwao linaimba likimaliza."

"Na mashine ya kufulia?"

"Ipo."

"Na simu anayo, hiyo naiona," Ok-bun alisema, kama mtu anayetafuta mahali pa kusimama. "Hizo ni zetu."

Bi Ut akaigeuza simu ya Ok-bun iliyokuwa mkekani, akatazama maandishi mgongoni, akasema jambo refu. Bo-ra akacheka. "Anasema hii imeundwa kwao. Binti wa jirani yake yuko kwenye kiwanda hicho. Anasema labda ndiye aliyekaza hizi skrubu."

Haikuwa nia ya Bi Ut kushindana. Alikuwa mtu wa haki. Alisema mabomba ya hapa hayakauki, hospitali zinang'aa, mabasi yanakuja saa iliyoandikwa, na siku moja ya kung'oa vitunguu hapa ni juma zima la jasho kule kwao Can Tho. Yote hayo alimtuma Bo-ra ayaseme, na Ok-bun akayapokea kwa kutikisa kichwa, moyo wake ukitulia. Kisha Bi Ut akauliza: "Lakini watoto wako wapi? Tangu nije sijasikia mtoto akilia."

"Wako Seoul," Ok-bun akasema.

"Wote?"

"Waliozaliwa, wote. Wengine hawakuzaliwa."

Bi Ut akageuza maneno, akauliza zamani watu wa hapa walikula nini kabla ya haya mazuri yote. Na Ok-bun, bila kupanga, akasimulia ile njaa ya masika alipokuwa msichana, mchele umeisha na shayiri haijakomaa, mama yake akichemsha gome la msonobari mpaka matumbo ya watoto yakafunga. Bo-ra alipofika kwenye gome hakujua neno lake, akaonyesha mti nje. Bi Ut akaweka vijiti chini.

"Anasema pole, bibi. Anasema na wao baada ya vita walichanganya wali na viazi. Lakini mpunga kwao unavunwa mara tatu kwa mwaka. Mti hawajawahi kuula. Anasema pole sana."

Kudharauliwa na tajiri Ok-bun alikuzoea. Kuonewa huruma na maskini ndiyo lilikuwa jambo geni. Akaanza kukusanya bakuli, lakini Bi Ut alikuwa na swali moja tena, la mkulima kwa mkulima: shamba lake lile zuri lina ukubwa gani?

"Si langu," Ok-bun akasema.

"La mwanao?"

"La shemeji yangu."

Bi Ut akafikiri mtoto amekosea, akaomba kurudiwa. Aliporudiwa akasema polepole kwamba yeye ana viwanja viwili vya mpunga, si vikubwa, na hati ina jina la marehemu mumewe na jina lake.

"Jina lake yeye?" Ok-bun akamuuliza Bo-ra. "La mwanamke?"

"Ndiyo, bibi. Anasema majina mawili, ukurasa mmoja."

Ok-bun akasema dirisha lifungwe, mbu wanaingia. Dirisha lilikuwa na wavu.

*

Ijumaa, wakikatakata figili jikoni, Ok-bun alimwambia Diem bila kumtazama: "Kesho mama yako akirudi kazini, apumzike chumbani mpaka baba mdogo aondoke. Si kwa ubaya. Unamjua alivyo."

Diem alimjua. Alijua pia kwamba hili si ombi. Akawaza shamba, akawaza mwezi wa kumi wanapopanda miche mipya, akawaza Bo-ra. Akaenda chumbani akamwambia mama yake: "Kesho usijisumbue na wageni. Umechoka. Ukirudi ulale."

"Ni tambiko la mkwe wangu na mimi nilale?" Bi Ut alishangaa. "Watu watasemaje?"

"Huku ni mambo ya wanaume, mama. Wanainama, wanakula, yamekwisha."

Ule ulikuwa uongo wa nusu, na uongo wa nusu una kasoro moja: anayeambiwa anaujazia mwenyewe ile nusu nyingine. Bi Ut akadhani binti yake anamhurumia. Kwao mtu haendi kwenye tambiko mikono mitupu. Jirani huleta bia, dada huleta bata, na mtu anayelala chini ya paa la marehemu ndiye wa kwanza kuleta. Mshahara wa kwanza alikuwa ameupokea. Jumamosi mchana, alipotoka shambani, akapitia sokoni na kuchagua kitu kizuri kuliko vyote vilivyokuwa mezani pa muuzaji: mapichi ya mapema, meupe, mashavu yamepiga wekundu. Sanduku moja lilikula nusu ya kibarua chake cha siku. Muuzaji alimuuliza ni zawadi ya nani, na Bi Ut, ambaye Kikorea chake kilikuwa maneno matano, akasema: "Babu." Muuzaji akatabasamu. Angejua babu mwenyewe ni marehemu, angemzuia.

*

Baba mdogo aliingia jioni jua likiwa bado linawaka, na sanduku la matunda ya peasi na shati lililopigwa pasi. Alikuwa karani wa serikali mpaka alipostaafu, na bado alitembea kama mtu mwenye mhuri mfukoni. Siku hizi hakuna anayesubiri usiku wa manane kutambika; watu wana barabara kuu za kuwahi. Akaketi, akamiminiwa pombe ya mchele.

"Mwaka huu nimekwenda Da Nang," alimwambia Sang-gil. "Mara ya pili hiyo. Hoteli safi na bei ya bure. Lakini wako nyuma yetu miaka thelathini. Mtu wao akipata moja, sisi tunapata nane."

"Ndiyo, baba mdogo."

"Ila vijana wanao. Ukisimama barabarani pikipiki zinapita kama siafu. Sisi tuna nini? Tuna vizee na maghorofa." Akageukia jikoni. "Mke wa Sang-gil, usiyasikie vibaya haya. Wewe si wao tena. Wewe sasa ni Mkorea, ulimi tu ndio haujafika."

"Asante, baba mdogo," Diem akasema kutoka kwenye kikaango. Alikuwa akikaanga samaki tangu saa nane na mikono ilikuwa inanuka mafuta mpaka viwikoni. Aliona haya kwa ile asante. Lakini neno la shamba lilikuwa bado halijatoka, na kwa ajili ya neno hilo angesema asante kumi.

Meza ikapangwa mbele ya picha ya marehemu. Baba mdogo ndiye aliyeipanga kwa kidole: matunda mekundu mashariki, meupe magharibi, kichwa cha samaki huku, mkia kule. Alikuwa akilijua hilo vizuri na alifurahi kulijua. Sang-gil akawasha ubani. Ndipo mlango wa chumba cha nyuma ukafunguliwa.

Bi Ut alikuwa ameoga. Amevaa blauzi yake ya zambarau aliyoileta kwa ajili ya siku kama hii na hakuwahi kupata siku. Mikono yote miwili ilishika sahani ya mapichi yaliyooshwa. Akawapita wanaume kwa kuinama, akaiweka sahani katikati, mbele kabisa ya picha, akakutanisha viganja na kuinama mara tatu. Kisha akageuka akawatabasamia wote.

Hakuna aliyetabasamu. Diem akaja kutoka jikoni na mwiko mkononi, akaona.

Kwetu pichi haliwekwi kwenye tambiko. Mzimu ukiliona hauvuki kizingiti. Ndiyo maana hata mti wake hatuupandi uani. Diem alifundishwa hilo mwaka wake wa kwanza. Lilikuwa limeingia mwilini mwake kiasi kwamba hakukumbuka tena kama ni jambo la kumfundisha mtu.

"Kaka yangu amefukuzwa kwake," baba mdogo akasema. Hakupaza sauti. "Siku ya tambiko lake. Na nani? Huyu ni nani?"

"Ni mama yangu, baba mdogo," Diem akasema. "Hajui. Kwao yanawekwa. Kosa ni langu, sikumwambia."

"Ni yule kibarua wa Choe?" Alimtazama Sang-gil. "Unamlaza kibarua kwenye nyumba ya ukoo?"

Sang-gil akatazama sakafu.

Baba mdogo akavuta pumzi, akawa karani tena. "Sikilizeni. Nimekuja na nia njema. Nilitaka kuwaambia mlime miaka mitano mingine, wale wa vioo wasubiri. Bado naweza kusema hivyo. Yaondoeni haya. Huyu mama leo hii aende akalale kwenye makontena na vibarua wenzake, karatasi zake ndivyo zinavyosema. Tutatambika upya, na Jumatatu natia sahihi. Au basi."

Kila mtu alimtazama Diem. Bi Ut pia alimtazama, bado na mabaki ya tabasamu usoni, akisubiri kuambiwa. Miaka mitano. Makontena yale yalikuwa na feni na bomba. Watu wanalala mle. Ni miezi mitatu tu iliyobaki. Mama yangu atanielewa, Diem alijiambia, na alijua kwamba ni kweli, angemwelewa, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Akaweka mwiko chini. Akanyoosha mkono kwenye sahani.

"Acha," Ok-bun akasema.

Alikuwa ameketi karibu na ukuta, pale wanawake wanapoketi. Akainuka kwa kujishikilia goti.

"Yakae hapo."

"Shemeji," baba mdogo akaanza.

"Wewe ulikuwa shule Gwangju, mimi nilikuwa hapa. Hii meza ina mguu ulioungwa, uutazame. Aliyeuvunja ni huyu kwenye picha. Akilewa aliipindua na chakula chake, na mimi nikaokota wali mkekani punje kwa punje, kwa kuwa mchele ulinunuliwa kwa vitunguu vya shamba lako na haufai kutupwa. Nimempikia akiwa hai. Amekufa, nimempikia. Kwa miaka yote hiyo hajaniletea hata pichi moja kutoka sokoni. Mkwe wangu amefika juzi, ametoka juani, ameleta sahani nzima. Kama kaka yako anaogopa tunda, akae nje mwaka mmoja. Hakuna baridi."

"Mkwe?" baba mdogo akarudia. "Huyu unamwita mkwe?"

"Mama wa mkaza mwana wangu. Nimwite shangazi?"

Baba mdogo akageuka. "Sang-gil. Mwanamume wa nyumba hii ni wewe. Sema."

Sang-gil alikuwa mtu asiyependa kusema. Aliinuka, watu wakadhani anaenda kwenye sahani. Akaipita. Akaenda mlangoni, akapiga magoti, akavichukua viatu vya baba yake mdogo, akavigeuza vitazame nje, kisigino kwa kisigino, kama tunavyomfanyia mgeni tunayemheshimu anapoaga. Baba mdogo alikuwa hajaaga.

Alivivaa. Mlangoni alisema, "Vioo vitakuja vuli," na gari likasikika likitoka uani.

*

"Wamesemaje?" Bi Ut akamuuliza binti yake.

Diem alikuwa tayari kudanganya tena, ulimi ulishajikunja. Lakini Ok-bun alikuwa anamtazama, na ingawa hakujua Kivietnam, alijua sura ya mtu anayetafuta uongo. "Mwambie yote," akasema.

Diem akaketi mkekani akamwambia yote. Mapichi, makontena, shamba. Alimwambia pia kuhusu mkono wake mwenyewe, jinsi ulivyokwenda kwenye sahani. Bi Ut alisikiliza mpaka mwisho.

"Na wewe uliniambia nilale."

"Ndiyo, mama."

"Ungeniambia tu, ningenunua tikiti maji."

Akafunika uso kwa viganja, na Diem akamshika magoti akalia, si kidogo. Bo-ra akaenda kusimama nyuma ya bibi yake wa Kikorea.

"Bibi, babu sasa yuko wapi?"

"Yuko nje. Anapunga upepo." Ok-bun alikuwa amechukua pichi na kisu. Akalimenya bila kulikata ganda, kwa mzunguko mmoja, maji yakimchuruzika mkononi, akaligawa nusu mbili. Nusu moja akamshikisha Bi Ut, akamfunga vidole juu yake. "Mkwe, kula. Bo-ra, mwambie shamba nimelipoteza mimi, si yeye. Tena mwambie halikuwa langu, sijui ninalia nini."

Kweli alikuwa analia. Walikula mapichi mbele ya picha, meza moja, na ubani ukaungua mpaka ukaisha wenyewe.

*

Jikoni Sang-gil alikuwa anaosha vyombo vya tambiko, jambo ambalo baba yake asingelielewa. Diem alivifuta.

"Mama yako amesema maneno ambayo nilitamani kuyasikia tangu nifike," Diem akasema. "Nitamshukuru mpaka nife. Lakini yeye ni mzee, akisema amesema. Mwezi wa kumi sisi tutapanda nini? Vioo?"

"Nitafanya kibarua."

"Kwa nani?"

"Kwa Choe. Bado ana ekari hazijang'olewa."

"Choe mliyesoma naye darasa moja?"

"Huyo huyo."

"Watakucheka, Sang-gil. Watasema mke wa kigeni amemshusha."

"Watacheka." Akasuuza bakuli, akalitazama kama lina kitu. "Mama yako amepanda ndege kuja kuinamia vitunguu vyetu. Mimi ni kutembea tu."

Diem alikuwa na hasira bado, na woga, na hakuna kilichoondoka kwa maneno hayo. Lakini alilipokea bakuli akalifuta.

*

Jumatatu asubuhi, kwenye shamba la Choe, msimamizi wa vibarua alikuwa kijana wa wakala kutoka mjini, asiyemjua mtu kijijini. Alikuwa anagawa mikasi na vigoda, vile vya duara vya sponji ambavyo mtu hujifunga matakoni ili aweze kukaa na kusogea mstari mzima bila kuinuka. Alipomwona Sang-gil alitoa kofia.

"Mzee, wewe ni mwenyeji. Nenda kule kivulini na Wakorea wenzako, mpange magunia. Malipo yake ni mazuri zaidi."

"Nipe mkasi," Sang-gil akasema. "Nitakaa mistari ile."

"Ile ni ya Wavietnam."

"Naona."

"Sasa unafuata nini?"

Kule kwenye mistari watu walikuwa wameanza kugeuka. Vizee wawili wa kijiji kivulini nao waligeuka. Habari ingefika ukumbini kabla ya chai. Shingo ya Sang-gil ikawa nyekundu kama udongo. Alijua kwamba akisema "nataka kazi tu", hakuna atakayemuuliza zaidi.

"Mama yangu yuko pale," akasema.

Kijana akatazama. Akatazama tena, kofia za majani, migongo iliyoinama. "Mama yako yupi? Wale wote ni Wavietnam."

"Ndiyo," Sang-gil akasema kwa sauti ambayo kivulini waliisikia. "Yule wa mwisho, upande wa mtaro."

Akapewa mkasi na kigoda. Alivuka matuta mpaka mwisho, akasimama mbele ya Bi Ut na zile kamba mkononi, hajui zinafungwaje; alikuwa amewanunulia vibarua vigoda hivyo miaka na miaka, mwenyewe hajawahi kukivaa. Bi Ut akamtazama kutoka chini. Akainuka, akamgeuza kwa mabega, akapitisha kamba mapajani, akazikaza mpaka Sang-gil akaguna, akamsukuma chini kwenye udongo karibu naye na kumwonyesha kitunguu cha kuanzia.